Mirija ndani ya Kitenge

Mushiya alizaliwa Kolwezi, mji wa shaba wa Katanga, akabatizwa Kolwezi, akaolewa na kufiwa na mume Kolwezi, na mpaka alipofika miaka thelathini na minane alikuwa hajaiona Kasai, jimbo la wazazi wake, hata siku moja. Kasai aliijua kwa masikio tu. Ilikuwa katika nyimbo za mama yake, Mama Tshiela, alizoziimba akichekecha unga, na katika jina la kijiji ambalo baba yake alilitaja kila homa ilipompanda. Baba aliletwa na treni akiwa kijana, aje kuchimba shaba, akashuka na sanduku la mbao na blanketi moja. Hakurudi. Walimzika hapo hapo mjini, upande wa mikalitusi, na Mushiya akiwa msichana mdogo aliijua njia ya kaburini kuliko ya sokoni.

Kazi yake ilikuwa maji. Kwa miaka kumi na minne alipima maji ya mji katika labo, maabara ya chumba kimoja, yenye meza ya vigae vyeupe, sanduku la joto la umeme, na dirisha lililotazama mparachichi. Mkuu wa labo alikuwa Tata Kyungu, Mluba wa huko huko Katanga, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, aliyeimba tenzi za kanisa lake kwa pua akiwa kazini. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Katika mji wa shaba watu huyapima maji kwa rangi. Ya kijani ni sumu ya mgodi, mekundu ni tope, maangavu ni ya kunywa. Tata Kyungu jambo hilo lilimchekesha na kumkasirisha kwa wakati mmoja. "Uchafu ya choo haina rangi, Mama Mushiya," alikuwa akisema. "Haina haya pia. Inaingia mu kikombe yako na inakuangalia."

Ili kuuona uchafu huo, walitumia mirija ya kioo yenye mchuzi mwembamba wa sukari ya maziwa. Ndani ya kila mrija kulikuwa na kijirija kidogo kilichopinduliwa kichwa chini. Unatia maji ya mto, unauweka mrija kwenye joto kama la mwili wa mtu, unangoja siku mbili. Bakteria wa kinyesi wakiwamo, huila ile sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo hunaswa ndani ya kijirija: kiputo kimoja, kama punje ya mtama. Mchuzi usipotoa kiputo, maji ni salama.

Na ukitaka kujua uchafu umeingilia wapi, unaanza chini ya mto na kupanda juu, miguu yako isije ikatibua maji utakayochota. Unachota kabla na baada ya kila mfereji unaoingia. Pale viputo vinapokoma, unarudi hatua moja: mlango wa uchafu uko hapo katikati. Chupa za kuchotea aliziandaa Tata Kyungu mwenyewe kila Ijumaa, mlango umefungwa. Jumatatu Mushiya alizikuta zimepangwa mezani, zinang'aa.

Alichokipenda kuliko vyote ni saa ya kusoma. Aliinyanyua mirija mmoja mmoja mbele ya dirisha, majani ya mparachichi yakionekana kichwa chini ndani ya kioo, na kwa muda mfupi mji mzima ulikuwa kati ya vidole vyake viwili.

Halafu migodi ikaanza kufa. Mishahara ikachelewa, ikawa nusu, ikakoma. Na watu wenye njaa wakaambiwa, redioni na mikutanoni, kwamba njaa yao ina jina, na jina hilo ni Kasai.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa tisini na tatu, siku ya Alhamisi, kundi la vijana lilifika kwenye mtaa wa makarani. Nyumba ya Mushiya ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, ya matofali, yenye ua wa maua mekundu aliyoyapanda mwaka alioolewa. "Bilulu, mwende kwenu!" walipiga kelele, wakiwaita wadudu. Kati yao alimwona kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpimia maji ya kisima cha mama yake. Walibeba kitanda, mabati ya jikoni, milango. Walifukua hata bomba la choo nyuma ya nyumba, wakaenda nalo mabegani kama watu waliobeba chatu. Mushiya na Mama Tshiela walitoka na godoro, sufuria, na vitenge viwili.

Walikwenda stesheni, kama wenzao wote. Maelfu walilala kwenye majukwaa, chini ya mabehewa mabovu, chini ya maturubai kandokando ya reli, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Treni ilikuja baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu, ikachukua waliowahi. Aliyekuwa mbali na reli siku hiyo alibaki.

Toka jukwaani, Mushiya aliona ncha za mikalitusi ya makaburini. Aliukosa mji wake akiwa bado ndani yake. Alikaa umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka kitandani pake, na umbali huo ulikuwa mrefu kuliko Kasai.

Bomba la stesheni lilikauka. Watu wakaanza kuteka Kalwela, kijito kinachopita chini ya daraja la reli. Kalwela hutoka kwenye chemchemi juu, nyuma ya mtaa wa makarani. Katikati hupokea maji ya kijani yanayovuja kwenye vifusi vya mgodi. Kisha hupita stesheni, ambako kijito kingine huyachanganya maji yale mpaka ukijani unapotea. Mwishoni hufika mtaa wa chini, ambako wenyeji nao huteka. Wiki ya nne watoto walianza kuharisha, wa stesheni na wa mtaa wa chini vilevile. Watatu walizikwa siku moja.

Jumatatu asubuhi akaja Tata Stany, mkuu wa mtaa wa chini, na wanaume kumi nyuma yake. Watu wa stesheni walimtanguliza Muteba, mpakiaji mizigo wa zamani, ambaye walimchagua awe msemaji wao kwa sababu ya sauti yake.

"Batoto yetu banakufa," alisema Tata Stany. "Mbele mufike hapa, tulikuwa tunakunywa hii maji bila shida."

"Na siye batoto yetu banakufa, Tata shefu," akajibu Muteba. "Maji ni ile ile moja."

"Njo maana! Munaichafula, munaikunywa, yenye kubakia munatutumia. Siku ya posho munatoka hapa. Kuko kiwanja ingine kule, kilomita kumi na mbili."

"Kule treni haisimame."

"Hiyo ni shida ya treni."

Siku ya posho ni Jumamosi. Kila mtu alielewa: kwenye kiwanja kile hakuna reli wala maji, ila shimo la mvua. Atakayepelekwa huko hatapanda treni, na mtoto mgonjwa hatapona.

Mushiya alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kusema. "Tata shefu, unipatie mpaka siku ya tano. Nitakuonesha mulango ya uchafu."

Tata Stany alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Weye ni nani?"

"Mi ni mwenye kupima maji. Hata ya kwako nilipima."

"Siku ya tano mangaribi," akasema Tata Stany, maana yake Ijumaa jioni, akageuka.

Siku hiyo hiyo Mushiya alikwenda labo kwa njia za nyuma. Tata Kyungu alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nondo za dirisha, kama mfungwa aliyejifungia.

"Mama Mushiya."

"Tata Kyungu."

Mparachichi ulikuwa umeangusha matunda, na hakuna aliyeyaokota.

"Mulikula?"

"Tulikula," akadanganya. "Umeme iko?"

"Wiki tatu haiko. Sanduku iko baridi."

"Basi joto itatoka ku mi."

"Ku weye?"

"Mwili ya muntu ni joto ile ile. Weye njo ulinifundisha."

Tata Kyungu aliingia ndani, akarudi na boksi la mirija iliyojaa mchuzi, akaipitisha kwenye nondo, miwili miwili. "Siku ile sikukuya ku nyumba yako," alisema. "Nilisikia makelele. Nilifunga mulango."

"Ninajua, Tata. Pana mirija ngapi?"

"Makumi ine."

"Itatosha."

Alichemsha chupa za limonadi, akazianika, akashuka Kalwela. Alichota kwenye kivuko cha mtaa wa chini, akachota chini tu ya stesheni, akachota juu yake, pale maji yalipokuwa bado ya kijani. Juu zaidi hakwenda, kwa maana juu ndiko kwenye mtaa wa makarani, na Mkasai aliyeonekana huko hakuwa na hakika ya kurudi. Akatia maji kwenye mirija, akaipanga kwenye kitenge cha mama yake, akakikaza tumboni, akavaa nguo juu yake. Tangu hapo hakuinama wala hakulala kifudifudi. Alilala ameketi, mgongo kwenye ukuta wa stoo ya mizigo, Mama Tshiela akimwegemea ili kumwongezea joto.

Ngalula, jirani yao wa jukwaani, mwanamke ambaye hata taabu haikumnyamazisha, hakuweza kuacha jambo kama hilo lipite.

"Mama Mushiya, mimba ya miezi ngapi?"

"Ya siku mbili."

"Na baba ni nani?"

"Kalwela."

"Yoo! Basi utazala samaki. Tutakula!"

Kicheko kilitoka turubai hadi turubai, na watu waliokuwa hawajacheka tangu walipofukuzwa walishika mbavu zao.

Jumatano asubuhi akakifungua kitenge. Mirija ya mtaa wa chini: viputo. Ya chini ya stesheni: viputo, vikubwa. Ya juu ya stesheni: mchuzi umetulia kama jicho la aliyelala. Akaitikisa. Akainyanyua tena kwenye mwanga. Hakuna.

Aliijua hesabu hiyo kwa moyo. Viputo vimekoma juu ya stesheni, basi mlango wa uchafu ulikuwa stesheni. Tata Stany alisema kweli.

"Nini?" aliuliza Mama Tshiela.

"Ni siye, mama."

Mama aliitazama mirija. Alikuwa mwanamke aliyeletwa mji huu akiwa bibi harusi na sasa alikuwa anarudishwa akiwa kikongwe, na hakuna mara hata moja aliyoulizwa. "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Vunja."

Mushiya aliishika mirija ile. Jiwe la reli lilikuwa karibu na goti lake. Alifikiria kiwanja cha kilomita kumi na mbili. Halafu akafikiria kwamba akivunja, mlango wa uchafu utabaki wazi popote ulipo, na watoto wataendelea kunywa. Akaifunga tena kwenye kitenge, akaenda labo.

Tata Kyungu alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulichota na chupa gani?"

"Za limonadi. Nilichemsha muzuri."

"Ulitia tone?"

"Tone gani?"

Alivua miwani. "Tone ya kufunga shaba."

"Hukuniambia kintu ya tone, Tata."

"Miaka kumi na ine?"

"Miaka kumi na ine. Siku ya tano ulikuwa unafunga mulango."

Tata Kyungu akakaa chini. Alieleza polepole, kwa aibu. Shaba inaua bakteria. Mtoni maji yanapita mbio, shaba inadhoofisha wachache tu. Lakini ukiyafunga maji ya kijani kwenye chupa, shaba inaendelea kuua muda wote unaotembea, na unafika na maji yanayosema uongo. Ndiyo maana kila chupa ya Kolwezi hutiwa kwanza tone la dawa ya kuifunga shaba. Mlango aliufunga kwa sababu dawa ilikuwa adimu na watu walidokoa. Hakuwahi kudhani kwamba Mushiya hajui.

"Basi juu inaweza kuwa chafu," alisema Mushiya.

"Juu hatujui kintu. Hukupanda."

"Siwezi kupanda, Tata. Unajua."

Tata Kyungu alizitazama nondo za dirisha. Akachukua kichupa cha dawa, kofia, na kikapu cha chupa nane. Akatoka, akafunga labo kwa nje. "Twende," akasema. "Mi mbele."

Walianza chini, wakapanda. Mchana kweupe, mwanamume wa Katanga na mwanamke wa Kasai, kikapu kati yao. Kwenye kona ya duka lililofungwa vijana walipiga mluzi. "Ee, Tata Kyungu! Unatembea na bilulu?"

"Ninatembea na labo," akajibu bila kugeuka. "Mama yako anakunywa maji gani? Basi nyamaza."

Mfereji baada ya mfereji, wakachota. Kila chupa Mushiya alihesabu tone kwa sauti, kama mtoto anayejifunza sala. Mwisho kijito kilikuwa chembamba kiasi cha kurukwa, na kutoka ukingoni mtaro mdogo uliingia humo ukiwa na maji maangavu kabisa, mazuri kwa macho. Wakaufuata mtaro. Mushiya aliyaona maua mekundu kabla hajaiona nyumba.

Pale bomba la choo lilipofukuliwa palibaki handaki, na maji ya vyoo vya mstari mzima, nyumba kumi na mbili, yalimwagika hapo, yakatulia, yakachuja tope lake kwenye majani, yakashuka Kalwela yakiwa yameng'aa.

Mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni alitoka jikoni. Jina lake lilikuwa Mado. "Munatafuta nani?"

"Maji," alisema Mushiya. "Kidogo tu, ya hii mutaro yako."

"Hiyo? Hiyo haikunywike, mama. Mutoto wangu anaharisha tangu tulihamia." Kisha akaona namna mgeni alivyokuwa anaangalia ua, mlango, dirisha la jikoni. Uso wake ukabadilika. "Ni weye?"

Mushiya aliinama akachota. Hakumjibu mpaka alipoziba chupa. "Mutoto umupatie maji yenye kuchemka. Na muteke juu, ku chemchemi, hapana hapa."

Akawa amekwisha kugeuka Mado alipomwita. "Mama. Hii maua. Nimwangie maji kila siku?"

"Mara moja ku yenga inatosha," alisema, yaani mara moja kwa wiki. "Ikizidi, inaoza."

Chupa ya mwisho walichota kwenye chemchemi yenyewe, juu ya nyumba zote. Kisha Mushiya akajifunga mirija, na safari hii joto lilikuja haraka, maana alikuwa na homa kidogo ya kulia bila machozi.

Ijumaa jioni Tata Stany alikuja na wanaume wake. Tata Kyungu alikuwapo, amevaa koti la kanisani. Mushiya akaketi kwenye reli, akafungua kitenge mbele ya watu wote, akainyanyua mirija mmoja mmoja kwenye jua lililokuwa linashuka. Mtaa wa chini: kiputo. Chini ya stesheni: kiputo. Juu ya stesheni, maji ya kijani: kiputo. Juu zaidi, kiputo. Mtaro wa nyuma ya nyumba: kijirija kizima kimejaa hewa. Chemchemi: hakuna kitu.

"Angalia na macho yako, Tata shefu. Uchafu ilianza juu."

Tata Stany alishika mrija, akausogeza karibu na uso. Akaionesha stesheni kwa kidole. "Na hapa ku gare? Hapa kiputo si iliongezeka?"

Muteba alikohoa kumzuia, lakini Mushiya alikwisha kujibu. "Iliongezeka. Siye pia tunachafula, tuko wengi na hatuna vyoo. Ya kwetu ninaikubali. Lakini utufukuze leo, batoto yako batakufa kesho vilevile."

"Huko juu ni nyumba ya nani?"

Mmoja wa wale wanaume kumi alitazama viatu vyake.

"Ni nyumba yangu," alisema Mushiya. "Bomba walifukula siku balitufukuza."

Tata Stany alimrudishia mrija kwa mikono miwili, kama mtu arudishavyo kikombe kwa mwenye nyumba. Asubuhi ya Jumamosi, badala ya kundi la kufukuza, ilifika mikokoteni miwili ya koleo. Watu wa stesheni walichimba vyoo ng'ambo ya reli, mbali na maji. Watu wa mtaa wa chini walipanda na Tata Kyungu hadi kwenye handaki, wakachimba shimo kubwa la kupokea maji ya vyoo, wakaziba mtaro kwa udongo wa kichuguu. Wiki iliyofuata hakuzikwa mtoto.

Treni ilikuja siku ya kumi na moja tangu vyoo vichimbwe, na watu wa stesheni walikuwa hapo hapo kandokando ya reli.

Tata Kyungu alikuja kumuaga. Mushiya alimpa boksi, mirija arobaini imeoshwa. Usiku kucha alikuwa ametamani kubaki na mmoja, akaurudisha.

"Labo unaiachia nani?" aliuliza Tata Kyungu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anabaki.

"Usifunge mulango siku ya tano," alisema Mushiya. "Mwenye kukuya, umuoneshe tone."

Alipakiwa kwenye behewa la mizigo, Mama Tshiela akiwa amekaa juu ya godoro. Treni ilipopita upande wa mikalitusi, mama yake alisimama, akamsalimu marehemu mume wake kwa jina, akaketi tena.

Mushiya aliishi Mwene-Ditu, mji wa Kasai, miaka mingi, akifanya kazi kwenye zahanati ndogo, akifundisha akina mama kuchemsha maji. Watu wa huko walimwita mama wa Katanga. Wafanyabiashara waliotoka Kolwezi walipopita, wenzake waliuliza habari za nyumba, za ndugu, za migodi. Yeye aliuliza jambo moja tu: Kalwela, wanateka bado? Wengi hawakulijua hata hilo jina.

Mwaka mmoja, muuza mafuta alicheka aliposikia. Ndiyo, wanateka, alisema, juu kwenye chemchemi. Na kuna mama mmoja wa nyumba ya mwisho, mwenye ua wa maua mekundu, ambaye ukiyamwagia maua yake maji mara mbili ku yenga moja anakugombeza vibaya, anasema mwenye maua hakuagiza hivyo.

Mushiya alikaza kitenge kiunoni, kikiwa kitupu, akaweka mkono pale ambapo zamani mirija ililala, akauacha hapo mpaka pakapata joto.